Luva na Pazia katika Vyumba vya Wageni vya Mji Mkongwe

Seremala aliyetengeneza madirisha ya nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambazo baadhi yake leo ni hoteli, alilielewa jambo ambalo wabunifu wengi wa vyumba vya wageni hulisahau: dirisha hutakiwa kuingiza upepo, kupunguza mwanga na kumsitiri aliyemo, na kazi hizo tatu hugombana. Alizipatanisha kwa luva, yaani vibao vyembamba vilivyopangwa kwa mlazo ndani ya fremu ya mbao, vikainamishwa kuelekea nje ili vimwage maji ya mvua na kuvunja makali ya jua bila kuizuia hewa. Katika madirisha mengi luva hizo ziligawanywa juu na chini, hivyo mkazi aliweza kufunga sehemu ya chini asionekane na wapita njia wa vichochoro vile vyembamba, akaiacha ya juu wazi ili joto, ambalo hupanda kuelekea darini, lipate pa kutokea. Na yote hayo aliyafanya kwa kusukuma ubao wa dirisha tu.

Mshonaji wa mapazia naye alikuwa na elimu yake. Pazia zito la chumba cha kulala hutiwa bitana, kitambaa cha pili kinachoshonwa nyuma ili kukata mwanga, na upana wake hukadiriwa angalau mara mbili ya upana wa dirisha ili marinda yakae vizuri na pande mbili zipishane katikati. Zanzibar iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua huchomoza karibu saa 12 asubuhi mwaka mzima, na mgeni aliyefika usiku wa manane huamshwa na ufa mmoja wa mwanga kwa sababu tu mtu fulani alibania kitambaa.

Tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, lakini orodha hailindi matumizi. Luva huweza kubaki upande wa barabarani kama pambo, huku kwa ndani zikizibwa kwa kioo kisichofunguka, kiyoyozi kikinguruma hata msimu wa kusi ambapo upepo ni wa bure. Inafaa wenye hoteli wamwite seremala na mshonaji wakati ukarabati ndio kwanza unaanza, kabla ya fundi wa vioo kuchukua vipimo.