Liwatoni: Shauri Lililotakwa Baada ya Kazi

Katika mambo yote yaliyotendwa juu ya mlango wa bahari wa Kilindini, Mombasa, tangu Machi 2020, maradhi ya korona yalipoingia nchini na ikadhihirika kwa kila mwenye macho kwamba watu wanaosongamana ndani ya feri ya Likoni wamo hatarini, liko moja ambalo naliona kuwa kosa lisilo na utetezi. Nalo si daraja la kuelea la Liwatoni lenyewe, ambalo wapo waliolisifu na wapo waliolibeza, bali ni ile amri iliyoandamana nalo lilipofunguliwa kwa raia Januari 2021, ya kwamba mwenda kwa miguu asipande feri saa za msongamano wa asubuhi na jioni, bali azunguke ashike njia ya Liwatoni, apende asipende. Amri ile ilikuwa taksiri ya kupanga kabla haijawa taksiri ya kutawala, na sitaacha kuirudia maadamu barabara kuu ya kwenda Lunga Lunga ingali yakatika penye maji, na wapo wanaokusudia kuiendeleza juu ya maji hayo kwa daraja kubwa zaidi, na watu wa Liwatoni na Likoni ndio wale wale watakaoitwa mkutanoni.

Msomaji aliyekuwa akivuka siku zile hahitaji kusimuliwa, lakini yafaa kosa lipimwe hatua kwa hatua. Feri humchukua mwenda kwa miguu bila nauli, ikamwondoa karibu na mahali aliposhukia matatu huko Likoni na kumtua karibu na mahali atakapopandia nyingine huku kisiwani. Mwendo wake ni mfupi, na mzigo wake, uwe ndoo ya samaki, kiroba cha maembe au cherehani inayopelekwa kwa fundi, hupata pa kutuliwa chombo kikiwa njiani. Daraja lilitoka Ras Bofu, upande wa Likoni, likaangukia Liwatoni, penye mabohari na gati la samaki, mbali na kituo alichozoea mvukaji. Urefu wake ulikuwa mita 824, na kabla ya mita ya kwanza palikuwa na mwendo wa kulifikia, na baada ya mita ya mwisho palikuwa na mwendo mwingine wa kurudi mjini. Kwa kijana aendaye kazini mikono mitupu, hayo yalikuwa matembezi, na vijana wengi waliyapenda. Kwa ajuza mwenye goti bovu, kwa mja mzito, kwa mchuuzi mwenye tenga kichwani ambaye faida yake ya kutwa nzima hutegemea kufika sokoni kabla ya wenziwe, ilikuwa ni kodi mpya, inayolipwa kwa miguu na kwa saa, iliyotozwa na watu ambao wenyewe huvuka ndani ya magari.

Hapa ndipo penye kiini. Gari halikuamriwa lizunguke. Mzigo wote wa kupunguza msongamano ulitwikwa yule asiye na gari, ilhali yeye ndiye aliye wengi, na kila anayeshughulika na kivuko kile ajua hesabu isemwayo siku zote, ya watu wapatao laki tatu kwa siku dhidi ya magari elfu sita hivi. Mpangaji aliye mwadilifu, akiwa na njia mbili na makundi mawili ya wavukaji, huanza kwa kuuliza ni kundi gani linaloumia zaidi likizungushwa. Swali hilo halikuulizwa, au kama liliulizwa, jibu lake halikuonekana katika amri.

Tena kuna habari ya maji, ambayo nahodha yeyote wa ngalawa wa Mtongwe angaliwaeleza bila malipo. Daraja lieleao hupanda na kushuka pamoja na bahari, na ncha zake zimefungwa katika nchi kavu isiyopanda wala kushuka. Baina ya hivyo viwili hapana budi kuwe na ulalo ambao mwinamo wake haudumu hali moja. Bahari ya Mombasa, siku za bamvua, hupwa na kujaa kwa tofauti inayopita mita 3, na siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana, kwa hiyo pale palipokuwa tambarare saa hii huwa kilima saa nyingine, na mwenye mzigo hawezi kujua atakuta nini mpaka afike. Kadhalika daraja lilifunguliwa majira ya kaskazi, bahari ikiwa tulivu, na waliolitembelea kwa sherehe waliliona katika hali yake njema. Mvukaji wa kila siku ndiye aliyelipita kusi ikivuma na mvua ya masika ikipiga kutoka ubavuni. Haya si maarifa ya kuficha. Yamo vinywani mwa wavuvi, na kazi ya baraza la mashauriano ni kuyatoa humo na kuyatia katika ramani kabla ya chuma cha kwanza kushushwa majini.

La tatu ni mlango wenyewe. Meli zote ziendazo gati za Kilindini hupita pale, hata ikabidi sehemu ya katikati ya daraja ifunguke kuzipisha, na ndiyo sababu watu waliruhusiwa kulipita saa maalumu tu. Basi njia iliyofungika kwa hukumu ya ratiba ya meli ilifanywa kuwa njia ya lazima kwa mtu ambaye ratiba yake hupangwa na mwajiri, na mwajiri hapokei udhuru wa meli. Njia ya namna hiyo yafaa iwe ya hiari: mwenye kuitaka aishike, na asiyeitaka apande feri kama alivyozoea, na baada ya miezi michache hesabu ya miguu ingalisema yenyewe daraja lafaa nini na halifai nini. Kwa kulazimisha, serikali ilijinyima hata ushahidi huo, kwani wingi wa watu waliosukumwa hausemi chochote juu ya kupenda kwao.

Kujenga kwenyewe hakukuwa na ila kubwa: kampuni ya China Road and Bridge Corporation ilimaliza kazi kwa miezi michache, kwa gharama iliyotangazwa kuwa shilingi bilioni 1.9, na vyuma vilishika; kosa lilikuwa katika kupanga.

Nao ulikuwapo mfano wa karibu wa kutazama. Daraja la zamani la Nyali, lililofunguliwa 1931, lilikuwa nalo la kuelea, likichukua magari na watu, na likadumu katika kazi mpaka 1980 lilipopokewa na hili la zege tulionalo leo. Takriban miaka 50 juu ya maboya. La Liwatoni halikutimiza mitano kabla ya kufungwa. Watasema kwamba mkono wa Nyali si njia ya meli kubwa za bandari, na ni kweli, na hiyo ndiyo hoja yangu: waliolitega la Nyali walilitega mahali ambapo lingeweza kulala wazi usiku na mchana, pasi na mvukaji kusubiri zamu ya mwingine, na kwa hilo, ijapokuwa walikuwa wakoloni na kampuni ya faida iliyotoza ushuru wa kupita, walimfahamu mvukaji kuliko walivyomfahamu wenzetu miaka 90 baadaye. Yaniuma kuandika hivyo, nami naandika kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Sasa, sheria ya kutaka shauri tunayo, na ni nzuri. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 10, yahesabu kushirikishwa kwa wananchi miongoni mwa misingi ya utawala. Na kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 zaagiza matangazo magazetini na redioni, kwa lugha rasmi na za wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu pamoja na watakaoguswa, mahali na saa zinazowafaa wao. Zinazowafaa wao, nasisitiza, kwa sababu nimechoka kuona mikutano ya mambo ya Likoni ikifanywa saa nne za asubuhi ndani ya ukumbi wa hoteli, mchuuzi akiwa sokoni na mvuvi akiwa baharini, na viti vikijazwa na wale wale wanaojazwa kila mara, wakasikiliza ripoti ya Kiingereza, wakatia saini ya mahudhurio, na saini zile zikaandikwa baadaye kuwa ndizo ridhaa ya umma. Mahudhurio si ridhaa. Mkutano wa namna hiyo, ukija baada ya njia kuchaguliwa, ni sawa na kumwuliza mgeni apenda chakula gani wali umeshapakuliwa.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipotoa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, hapa hapa Mombasa, hakuwa na katiba ya kumlazimisha mtu amsikilize raia. Alikuwa na Kiswahili na karatasi chache, akaona kwamba mambo yanayotengeneza maisha ya watu ni wajibu yasemwe kwa lugha wanayoijua, ili mwenye duka la Kibokoni ajadiliane na mwenziwe juu ya jambo lile lile analojadili mtawala. Leo idara zina mashine za kuchapa na redio za pwani zaidi ya idadi tuliyoihitaji, na bado muhtasari wa ramani ya barabara haumfikii mpangaji wa nyumba ya Bofu katika Kiswahili kinachosomeka. Sijui udhuru wa haki unaoweza kutajwa hapo.

Watu wa Lamu walilipeleka jambo hili la kutoshauriwa mbele ya waamuzi, na hukumu zao zingepaswa kubandikwa katika kila ofisi ya mipango ya pwani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi, katika shauri la bandari ya Lamu ya mradi wa LAPSSET, iliona kwamba umma haukushirikishwa inavyopasa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Juni 2019 Baraza la Rufaa la Mazingira likaifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, na ndani ya hukumu ile mna nukta ambayo wapangaji wetu hawajaimeza: mikutano ya utangulizi, iliyofanywa kabla ya uchunguzi kukamilika, wakati watu hawajaelezwa madhara yaliyogunduliwa, haiwezi kuhesabiwa kuwa ndiyo kutaka shauri. Mtu hashauriwi juu ya jambo alilofichwa. Wale wavuvi, ambao wengi wao hawakusoma sana, walifundisha sheria ya mashauriano vizuri kuliko chuo chochote nchini.

Haya yote yangekuwa habari ya kale lau lisingekuwapo daraja la Mombasa Gate, ambalo mkopo wake kutoka Japani ulitiwa saini 2019 chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, na ambalo laja kuunganisha kisiwa na Likoni pale pale Liwatoni. Sitaki kulipinga. Mwenye kukumbuka tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na roho 272 zikapotea, hawezi kuwapinga wanaotaka njia isiyozama, na barabara ya Dongo Kundu imeonyesha kwamba kazi kubwa hufanyika kwa uzuri. Lakini fundi yeyote ajua kwamba daraja linalopisha meli za shehena chini yake lazima liinuke juu sana, na kila kimo kina urefu wa kukipandia: kwa mwinamo wa mita 4 katika kila mita 100, ukitaka kupanda mita 10 wahitaji mita 250 za njia, na daraja hili litapanda mara nyingi ya hizo 10. Njia hiyo ya kupandia itapita juu ya viwanja vya watu pande zote mbili, na wao watazungumza na wathamini, kwa kuwa mwenye hati hupata mtu wa kuzungumza naye. Mwenye tenga hana hati ya kivuko. Atapanda wapi? Atashukia wapi, na kwa miguu au kwa matatu, na kwa nauli gani yule aliyekuwa akivuka bure?

Basi mikutano na ifanywe Bofu, Mtongwe na Liwatoni, baada ya sala ya magharibi, wanawake wakiwekewa nafasi na wakati wao, picha za njia zikiwa ukutani kwa kipimo kinachoonyesha nyumba moja moja, na karani akiandika maneno kwa Kiswahili kama yalivyosemwa na kuyasoma tena kabla watu hawajatawanyika. Na ifanywe ilhali bado kuna njia mbili au tatu za kuchagua. Swali la kwanza mezani liwe kama feri ya mwenda kwa miguu itabaki, bila malipo na saa zote, siku daraja litakapofunguliwa, na jibu litolewe kwa maandishi kabla ya kiwanja hata kimoja kuthaminiwa.