Nyayo za Akina Calhoun: Jinsi Safari ya Waskoti wa Ulster Inavyofuatiliwa

Mjerumani aliyeshuka bandari ya Philadelphia mwaka 1733 alipelekwa mbele ya maofisa, akala kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza, na jina lake likabaki daftarini. Utaratibu huo ulianza mwaka 1727, viongozi wa Pennsylvania walipoingiwa na hofu juu ya wingi wa wageni. Mpresbiteri kutoka Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, aliyeshuka bandari hiyohiyo mwaka huohuo alikuwa tayari mtu wa mfalme yuleyule. Hakuna aliyemwapisha wala aliyemwandika. Alibeba kasha lake akaenda zake.

Tofauti hiyo ya ukarani ndiyo inayoamua hadi leo namna watafiti wa nasaba wanavyowatafuta watu hawa, ambao Wamarekani huwaita Waskoti-Waairishi. Kati ya 1718 na 1775 walivuka Atlantiki kwa makumi ya maelfu. Makadirio ya wanahistoria yanaanzia takribani watu 100,000 na kufika 250,000. Sheria ya shirikisho la Marekani iliyowalazimu manahodha kukabidhi orodha za abiria ilipitishwa mwaka 1819, zaidi ya miaka 40 baada ya vita vya uhuru kukatiza wimbi hilo. Kwa hiyo mzao wao anayeanza kwa kuuliza babu alipanda meli gani huishia ukutani. Anayeuliza babu alipakana na nani shambani hupata pa kuanzia.

Mababu wa wahamaji hawa walitoka nyanda za chini za Uskoti. Walihamia Ulster katika karne ya 17, hasa baada ya Mfalme James kuanzisha mpango wa makazi kwenye ardhi zilizochukuliwa kutoka kwa machifu wa Kiayalandi, na wengine wengi walifuata wakikimbia njaa ya Uskoti ya miaka ya 1690. Kufikia 1718 mikataba yao ya upangaji ilikuwa inakwisha na kodi za ardhi zinapandishwa. Isitoshe, sheria ya 1704 ilikuwa imewafungia Wapresbiteri milango ya vyeo vya umma. Mwaka huo wa 1718 wanaume zaidi ya 300 walitia sahihi ombi kwa Samuel Shute, gavana wa Massachusetts, wakieleza nia yao ya kuhamia huko. Karibu wote waliandika majina yao wenyewe. Wachache sana waliweka alama. Hilo ni jambo kubwa kwa mtafiti, kwa sababu watu wanaojua kuandika huacha sahihi kwenye wosia, hati za dhamana na mikataba, na sahihi ya mtu mmoja inaweza kulinganishwa kutoka koloni moja hadi jingine.

Familia ya Calhoun inafaa kuonyesha jinsi kazi yenyewe inavyokwenda. John C. Calhoun, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani kuanzia 1825 hadi 1832 na mtetezi mkubwa wa utumwa, alizaliwa mwaka 1782 katika eneo la Abbeville, South Carolina. Mtafiti haanzii Donegal, kaunti ya Ulster, ingawa hadithi za familia zinaitaja Donegal. Anaanzia Abbeville na kurudi nyuma, hatua kwa hatua, na haruki hatua yoyote hadi iliyotangulia iwe na hati.

Hatua ya kwanza ni ardhi. Baba yake John, Patrick Calhoun, alifika Long Canes, magharibi mwa South Carolina, mwaka 1756 pamoja na ndugu zake. Ramani za vipande vya ardhi vya wakati huo zimetunzwa katika hifadhi ya nyaraka ya jimbo mjini Columbia, na zinasema mengi kuliko mipaka. Koloni lilikuwa likitoa ekari 100 kwa mkuu wa kaya na ekari 50 kwa kila mtu mwingine aliye chini yake. Kipande cha ekari 350 kwa hiyo kinamaanisha mkuu wa kaya na watu watano. Mtafiti mwangalifu huhesabu vichwa hivyo kabla hajasoma jina la mtoto hata mmoja, na hukumbuka kwamba watumwa nao walihesabiwa. Patrick mwenyewe alikuwa mpima ardhi, hivyo jina lake linatokea pia kwenye viwanja vya wengine.

Kisha kuna jiwe. Wacherokee waliona makazi ya Long Canes yamevuka mpaka wa ardhi yao, na vita vilipozuka mapema mwaka 1760 walowezi wapatao 150 walipakia magari wakakimbilia Augusta, Georgia. Tarehe 1 Februari walishambuliwa njiani. Miongoni mwa waliouawa alikuwemo Catherine Calhoun, mama yake Patrick. Jiwe ambalo mwanawe alimwekea mahali hapo linasema alikuwa na umri wa miaka 76 na kwamba wengine 22 waliuawa pamoja naye. Hesabu fupi inampeleka nyuma hadi karibu 1684, kwa hiyo alikuwa na miaka kama 49 familia ilipovuka bahari mwaka 1733. Jiwe hilo moja linamfunga mwanamke wa Ulster kwenye kijito cha South Carolina, na wanawake wa kizazi chake wenye ushahidi wa namna hiyo ni wachache mno.

Kutoka Long Canes njia inarudi kaskazini hadi Virginia, na hapo ndipo watafiti wengi hupotea. Wazee wa ukoo walikumbuka kwamba familia iliondoka Virginia baada ya jeshi la Jenerali Braddock wa Uingereza kushindwa na Wafaransa na washirika wao wenyeji wa asili, Julai 1755. Mahakama ya kaunti ya Augusta, Virginia, inathibitisha kwamba walikuwepo huko miaka tisa kabla. Mwaka 1746 James Patton, mkubwa wa ardhi na siasa katika eneo hilo, aliwashtaki Calhoun wanne, James, Ezekiel, William na Patrick, kwamba wanaeneza habari za uongo. Shtaka hilo limo katika muhtasari wa kumbukumbu za Augusta uliokusanywa na Lyman Chalkley na kuchapishwa mwaka 1912 katika majuzuu matatu, kazi ambayo hakuna anayefuatilia koo hizi anayeweza kuikwepa. Ugomvi ule ni hazina. Unataja ndugu wanne kwa pamoja, katika mwaka mmoja na mahali pamoja. Jina lao pia huandikwa Colhoun na Colhoon, kwa vile karani aliandika alivyosikia. Anayetafuta tahajia moja tu atawapita bila kuwaona.

Mtego mbaya zaidi wa Virginia ni mipaka ya kaunti. Shamba la kwenye kijito cha Reed Creek, waliko­kaa akina Calhoun, lilikuwa Augusta wakati wa shtaka lile. Mwaka 1770 eneo hilo likawa Botetourt, mwaka 1772 likawa Fincastle, mwishoni mwa 1776 likamegwa kuwa Montgomery, na mwaka 1790 likawa Wythe. Mtu aliyebaki hapo bila kuhama hata hatua moja angeonekana katika madaftari ya kaunti tano ndani ya miaka 20. Kuna nasaba zilizochapishwa zinazomhamisha babu mara nne namna hiyo, ilhali kilichohama ni ofisi ya karani. Dawa yake ni kuchora mpaka wa kila mwaka juu ya ramani ya vijito, kwa sababu kijito hakibadilishi kaunti kwa amri ya bunge.

Hapo ndipo majirani wanapoanza kazi. Hati za Virginia na Carolina hazikupima ardhi kwa miraba. Zilitaja mwaloni mweupe, jiwe, kona ya fulani. Mtafiti huchukua nyuzi za dira na urefu wa kila upande, akachora kipande, kisha akakiunganisha na cha jirani aliyetajwa, hadi bonde zima linajaa kama vigae vya sakafu. Virginia ilikuwa pia na sheria iliyowataka wenye mashamba watembee mipaka yao pamoja kila baada ya miaka minne, na parokia iliandika nani alitembea na nani. Majina yanayorudiwa kuzunguka jina moja ndiyo kundi lililosafiri pamoja. Mtaalamu wa nasaba wa Marekani Elizabeth Shown Mills ndiye aliyeieneza mbinu hii: mtafute mtu kupitia jamaa zake, washirika wake na majirani zake.

Mfano mzuri ni familia ya Pickens. Andrew Pickens mzee alikuwa mmoja wa mahakimu wa kwanza wa Augusta mwaka 1745, mahakama ileile iliyopokea shtaka la Patton mwaka uliofuata. Mwanawe Andrew alizaliwa Pennsylvania mwaka 1739, akakulia Virginia, na familia ikateremka hadi Waxhaws, mpakani mwa Carolina mbili. Mwaka 1765 alimwoa Rebecca Calhoun, binti wa Ezekiel, aliyenusurika katika shambulio la Long Canes. Koo mbili zilizopita bonde moja la Virginia zilikutana kwenye ndoa mamia ya kilomita kusini. Mtafiti wa akina Calhoun aliyekwama anaweza kusoma hati za akina Pickens na kupata alichokosa.

Barabara yenyewe inajulikana. Ramani ya Virginia iliyochorwa na Joshua Fry na Peter Jefferson, baba yake Thomas Jefferson, katika toleo la 1755 inaonyesha barabara kuu ya magari ya farasi kutoka mto Yadkin, North Carolina, hadi Philadelphia, maili 435, yaani kama kilomita 700. Ilipita Lancaster, Winchester na Staunton, ikifuata kwa sehemu kubwa njia za kale za wenyeji wa asili. Mwanahistoria Robert Ramsey, katika kitabu chake cha 1964 kuhusu makazi ya mpakani ya North Carolina, alichukua walowezi wa kaunti ya Rowan mmoja mmoja na kuwatafuta katika orodha za kodi za Pennsylvania, Maryland na Delaware. Jina linalopotea kwenye orodha ya kodi ya Lancaster mwaka mmoja na kuibuka Rowan mwaka unaofuata, likiwa limezungukwa na majirani walewale, ni ushahidi mzito. Jina hilo likiwa peke yake ni dhana tu, hasa pale ambapo wana walirithi majina ya babu zao na kila bonde likawa na John na James kadhaa.

Kwa nini Philadelphia? Jibu liko kwenye kitani. Wakulima wa Ulster waling'oa mmea wa kitani kabla mbegu hazijakomaa ili wapate uzi laini, kwa hiyo kila mwaka walihitaji mbegu kutoka Amerika. Meli zilizoleta mbegu kutoka Pennsylvania zilikuwa na nafasi tupu wakati wa kurudi, na wenye meli wakaijaza abiria. Matangazo ya safari hizo yalichapishwa katika gazeti la Belfast News-Letter, lililoanzishwa 1737, nayo ndiyo aliyoyatumia mwanahistoria R. J. Dickson kuandika uchambuzi wake mkubwa wa uhamaji wa Ulster uliochapishwa 1966. Hayatupi majina ya abiria, ila yanatupa bandari, nahodha na msimu.

Kuna nyakati serikali iliandika majina kwa bahati. Mwaka 1740 walowezi kadhaa wa bonde la Shenandoah walikwenda mahakama ya kaunti ya Orange kuthibitisha kwamba walijilipia nauli, ili wapate ekari 50 kwa kila kichwa. Karani aliandika kwamba walitoka Ayalandi hadi Philadelphia na kutoka huko hadi Virginia, pamoja na majina ya wake na watoto: njia nzima ndani ya sentensi moja. South Carolina ilifanya zaidi. Sheria yake ya 1761 iliwalipia nauli Waprotestanti maskini, na palipo na fedha ya umma pana orodha. Vilevile, abiria wengi wa meli tano zilizoondoka Ulster mwaka 1772 na kundi la mchungaji William Martin wanajulikana kwa majina, wakiwa na ekari walizopewa.

Upande wa pili wa bahari kazi ni ngumu zaidi. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi ya nyaraka ya taifa mjini Dublin iliungua, na wosia, sensa na madaftari ya parokia ya karne nyingi yakateketea. Kilichobaki ni vipande na nakala: orodha za askari wa makazi za karibu 1630, orodha za kodi ya meko za miaka ya 1660, kaya za Kiprotestanti za 1740, na hesabu ya kidini ya 1766. Nyaraka za wenye ardhi zilizoko Belfast ni tajiri zaidi. Mikataba mingi ya upangaji ilidumu kwa maisha ya watu watatu waliotajwa, mara nyingi watoto wa mpangaji, na wakala alilazimika kufuatilia nani bado yu hai na yuko wapi. Barua za mawakala wa ukoo wa wenye ardhi wa Abercorn kutoka Strabane zinazungumzia waziwazi wapangaji wanaoondoka kwenda Amerika.

Vipimo vya vinasaba vimeingia hivi karibuni, na vinasaidia mahali mahususi. Kromosomu ya Y hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana, hivyo inaweza kuonyesha kama Calhoun wawili wa leo wana babu mmoja wa kiumeni. Vipimo vya kawaida vya soko ni dhaifu kwa umbali huu: nyuma ya vizazi vinane kila mtu ana nafasi 256 za mababu, na wengine kati yao hawakumwachia chembe ya vinasaba inayopimika. Asilimia ya "Uskoti" kwenye ripoti haimwambii mtu kama babu yake alipita Ulster au la.

Kwa akina Calhoun, jina lenyewe linaelekeza Colquhoun, ukoo wa Luss kando ya Loch Lomond. Mkuu wa Luss alikuwa miongoni mwa Waskoti waliogawiwa ardhi Donegal katika mpango wa Mfalme James: ekari 1,000 za Corkagh, zilizoandikwa katika ukaguzi wa Nicholas Pynnar wa 1618 na 1619. Hata hivyo kulingana kwa jina na kaunti hakutoshi kumpeleka Patrick hadi Luss. Kati ya Corkagh ya 1619 na safari ya 1733 kuna vizazi visivyopungua vitatu, na kila kimoja kinahitaji mkataba wa upangaji, orodha ya meko au wosia ulionusurika.