Ufundi wa Kupima Hoja

Aristotle alikuwa na hoja ya kuthibitisha kwamba ulimwengu ni mmoja tu. Kila kitu kizito, alifundisha, huelekea kwenye kitovu cha ulimwengu, ndiyo maana jiwe huanguka. Tuseme basi upo ulimwengu wa pili, wenye udongo wa asili ileile. Udongo huo nao ungeelekea kwenye kitovu chetu, na ili ushuke kwetu ungelazimika kupaa kwao. Kitu kimoja hakiwezi kuwa na asili ya kushuka na ya kupaa. Kwa hiyo ulimwengu wa pili hauwezekani.

Hoja hiyo ilitawala kwa karne nyingi. Fakhr al-Din al-Razi, mwanachuoni aliyefariki Herat mwaka 1210, aliikataa: dalili za wanafalsafa ni dhaifu, alisema, na Mungu ni muweza wa kuumba maelfu kwa maelfu ya malimwengu nje ya huu wetu. Mwaka 1277 askofu wa Paris, Étienne Tempier, alipiga marufuku fundisho kwamba Mungu hawezi kuumba zaidi ya ulimwengu mmoja. Lakini marufuku hainyooshi hoja. Ilibaki kazi ya kuonyesha kosa liko wapi.

Mwaka 1377 Nicole Oresme, mwanachuoni wa Ufaransa, aliionyesha kasoro hiyo waziwazi. Aristotle alichukulia tangu mwanzo kwamba kitovu ni kimoja, na hilo ndilo lililokuwa likibishaniwa. Kila ulimwengu ukiwa na kitovu chake, udongo wa kule utatulia kulekule, na mkinzano wote unatoweka. Baada ya kuibomoa hoja hiyo, Oresme akaandika kwamba yeye mwenyewe anaamini ulimwengu ni mmoja.

Hapo ndipo ninapouvulia kofia ufundi wa mantiki. Oresme aliivunja hoja iliyounga mkono imani yake mwenyewe, kwa sababu ilikuwa mbovu. Alijua kwamba jambo laweza kuwa kweli huku hoja yake ikiwa haina miguu, na kwamba kuwezekana ni kitu kimoja, kuwapo ni kingine.

Kuhusu kuwezekana huko, mwanafalsafa Leibniz, katika kitabu chake cha mwaka 1710, aliyaweka malimwengu yanayowezekana katika akili ya Mungu, aliyechagua ulimwengu ulio bora. Mwaka 1959 Saul Kripke, kijana ambaye hata miaka ishirini hakuwa ameitimiza, aliyageuza kuwa chombo cha hesabu: jambo la lazima ni lile lililo kweli katika kila ulimwengu unaowezekana, linalowezekana ni kweli angalau katika mmoja.

Chombo hicho kinatufaa hata hapa duniani. Ghorofa likiporomoka, mkaguzi husema: lau nondo zingekuwa za kipimo, lisingeanguka. Atalipimaje neno hilo, na ghorofa limekwisha kuanguka? Mwanafalsafa David Lewis alijibu mwaka 1973: tazama malimwengu yanayofanana na huu wetu kupita yote, ambamo nondo ni za kipimo. Ikiwa humo jengo limesimama, mkaguzi amesema kweli. Anayebadilisha pia udongo na mvua ameihama kesi.

Mwaka 1986 Lewis alikwenda mbali zaidi. Alisema malimwengu hayo yote yapo kweli kama huu wetu, kila mmoja umetengwa kabisa na mwingine, usifikike kwa safari wala kwa muda. Wengi walimkodolea macho tu. Yeye alieleza faida ya nadharia yake na gharama yake, akakiri kwamba hoja zake hazimfungi mtu asiweze kukataa.

Oresme aliamini ulimwengu mmoja, Lewis aliamini malimwengu yasiyohesabika, na wote wawili walikataa kudai zaidi ya kile hoja zao zilichoweza kubeba. Uaminifu huo ndio roho ya mantiki. Anayetaka kujua kama ameiva katika ufundi huu, na achukue hoja inayotetea jambo alipendalo kuliko yote, aikague kwa ukali uleule anaoukagulia maneno ya mpinzani wake.