Karatasi ya Mhusika: Je, Namba Zinatosha Kumjenga Mtu?

Walimu wengi wa Kiswahili hutumia igizo dhima darasani. Mwanafunzi mmoja huwa mwuzaji, mwingine mnunuzi, kisha huambiwa wazungumze. Mara nyingi igizo hilo hufa baada ya sentensi nne, kwa kuwa wanafunzi wamepewa kazi ya kufanya lakini hawakupewa mtu wa kuwa. Makala haya yanahakiki chombo kimoja kinachoweza kuziba pengo hilo, nacho ni karatasi ya mhusika itumikayo katika michezo ya kuigiza mezani, ambayo siku hizi huchezwa pia kwa intaneti. Tutaisoma kama tunavyosoma matini yoyote: inasema nini kuhusu mtu, na inanyamaza wapi? Kipimo chetu kitakuwa darasa la Rusizi, yaani Cyangugu ya zamani, ambapo mto tu ndio unaoitenga Rwanda na mji wa Bukavu.

Mchezo unaojulikana zaidi wa aina hii ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji humwigiza mhusika mmoja, na mwendeshaji husimulia mazingira na kuwaigiza wahusika waliobaki. Karatasi ya mhusika huanza na sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Kwa utaratibu wa awali, kila sifa hupatikana kwa kurusha dadu tatu, hivyo alama huwa kati ya 3 na 18. Katika matoleo ya tangu mwaka 2000, alama hiyo hupunguzwa 10, kisha ikagawanywa kwa 2, ili kupata nyongeza. Mwenye nguvu 16, kwa mfano, huongeza 3 kila anaporusha dadu ya pande ishirini kwa jambo la nguvu. Kwenye mitandao kama Roll20, iliyoanza mwaka 2012, karatasi huandaliwa ili hesabu hiyo ifanyike yenyewe: mchezaji hujaza nafasi, hubonyeza, na jibu hutoka.

Karatasi hii ina mambo mawili ya kusifiwa. Kwanza, humwekea mchezaji mipaka. Aliyeandikiwa mvuto mdogo hawezi kumshawishi kila mtu kwa neno moja. Hana budi kutafuta njia nyingine, na katika kutafuta ndipo mazungumzo huzaliwa. Pili, karatasi hubadilika, maana mhusika hupanda daraja kadiri anavyopata uzoefu. Tujilinganishe nayo sisi wenyewe. Katika mitihani ya fasihi tumewazoesha wanafunzi kuorodhesha sifa za mhusika: ni mchoyo, ni jasiri, ana msimamo. Tunawafundisha tofauti ya mhusika bapa na mhusika duara, tofauti ambayo E. M. Forster aliieleza mwaka 1927, lakini orodha zetu huwageuza wote kuwa bapa. Karatasi ya mchezo angalau huuliza mtu huyu anaweza kufanya nini na amebadilika vipi.

Hata hivyo, ina kasoro mbili ambazo mwalimu wa Kiswahili hawezi kuzifumbia macho.

Kasoro ya kwanza ni kwamba humtazama mtu akiwa peke yake. Hebu tujaribu kumwandikia karatasi Fumo Liyongo. Nguvu tutampa 18 bila ubishi, na ustahimilivu vivyo hivyo. Lakini kilichomwua Liyongo, kama masimulizi yanavyotueleza, ni sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, baada ya baba kumfichulia siri. Sifa zote sita haziwezi kuonyesha jambo hilo, kwa sababu kisa chenyewe kimekaa katika uhusiano wa baba na mwana. Karatasi isiyouliza “wewe ni nani kwa nani?” imempoteza Liyongo kabla mchezo haujaanza.

Kasoro ya pili inatugusa zaidi. Katika karatasi hii lugha huandikwa kama orodha: ama unaijua, ama huijui. Mtu wa Rusizi haingii katika orodha ya namna hiyo. Mama anayeuza sambaza za Ziwa Kivu huweza kuzungumza Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili cha Bukavu na mteja kutoka ng’ambo, na maneno machache ya Mashi anapotaka kumchekesha mteja huyo ili apandishe bei. Atasema “batoto” pale ambapo kitabu cha darasani kinasema “watoto”. Je, tumwandikie kwamba anajua Kiswahili au hajui?

Swali hili si la mchezo tu. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na shule zinahitaji Kiswahili sanifu. Hilo halina mjadala. Lakini mtoto wa mama huyu anapoingia darasani na kuhesabiwa kuwa hajui kitu, tumemjazia karatasi yenye sifuri mahali ambapo ana mtaji. Kinachofuata ni kunyamaza, na mwanafunzi aliyenyamaza hafundishiki lugha.

Hivyo basi, tunapendekeza karatasi ya darasani ibaki na namba mbili tu, subira na ushawishi, ili dadu iwe na kazi. Nafasi zinazobaki zijazwe kwa maneno. Mhusika huyu anamwitaje mwenzake: mama, kaka, mzee, mwalimu? Anadaiwa na nani? Anazungumza Kiswahili gani sokoni, na kipi mbele ya ofisa wa forodha? Neno gani hawezi kulitamka mbele ya mkwewe? Baada ya kila igizo mwanafunzi aongeze mstari mmoja: leo mhusika wangu amejifunza kusema nini, na kwa nani. Hapo kupanda daraja kutakuwa na maana ya kielimu, na kutoka “batoto” kwenda “watoto” kutakuwa kuongeza lugha bila kufuta ile aliyokuja nayo.

Wapo watakaosema kwamba namba ni rahisi kusahihisha katika darasa la wanafunzi wengi. Ni kweli. Lakini urahisi huo ndio uliotuletea orodha za sifa zisizo na watu ndani yake. Mwalimu anayetaka kulijaribu pendekezo hili hahitaji kompyuta wala intaneti. Karatasi moja, kalamu na dadu mbili vinatosha kuanza, na nafasi ya kwanza kujazwa iwe ile ya “wewe ni nani kwa nani?”