Mlima na Jicho la Mtazamaji: Mwanga kama Matini katika Njia ya Doldol

Mwaka 2009, huko Colomé katika jimbo la Salta, Ajentina, lilifunguliwa jumba la sanaa la James Turrell, msanii wa Marekani. Atakaye kuliona hana budi kusafiri kwa saa nyingi katika njia za milimani. Naye akifika hakuti vinyago, bali vyumba vilivyojaa mwanga. Kwa Turrell, mwanga si taa ya kuimulikia sanaa. Mwanga wenyewe ndio sanaa, na kinachochunguzwa ni namna mtazamaji anavyoona.

Dhana hii husifiwa kama jambo geni. Mhakiki wa fasihi simulizi anayetoka Nanyuki, mji ulio kwenye ikweta, kwenda Doldol ana sababu ya kulitilia shaka dai hilo. Katika njia hiyo hakuna jumba la aina hiyo. Upo Mlima Kenya, ambao msafiri huupa mgongo, na akitaka kuuona sharti ageuke. Alfajiri aghalabu huwa wazi. Kabla ya adhuhuri mara nyingi mawingu huwa yameufunika. Pamoja na mlima yapo majina yake, na majina hayo ni matini yanayostahili kuhakikiwa.

Wamasai huuita Ol Doinyo Keri, yaani mlima wenye milia. Wagikuyu huuita Kirinyaga, jina ambalo Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, alilihusisha na mng'aro. Wapo wanaolihusisha na mbuni, ambaye dume lake lina manyoya meusi na meupe. Fasiri hizi zimezoeleka kushindanishwa, kana kwamba moja ikikubaliwa nyingine hazina budi kukataliwa. Hilo ni kosa la kiuhakiki. Anayesema milia anaeleza mpaka kati ya theluji na mwamba; anayesema mng'aro anaeleza jua linavyorudishwa na weupe ule; anayemtaja mbuni anatumia istiari inayoyabeba yote mawili. Kila jina linaueleza mlima na, papo hapo, linamweleza aliyeutazama.

Gharama ya kutoyasoma majina hayo inajulikana. Mwaka 1849, Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huu akiwa Kitui, kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba. Habari zake za theluji karibu na ikweta zilipingwa Ulaya, na miongoni mwa waliozipinga ni W. D. Cooley, aliyetegemea vitabu tu. Ilibidi kungoja hadi 1883, Joseph Thomson alipouona mlima akiwa upande wa Laikipia, ndipo shaka ikaondoka. Kwa miaka 34 wataalamu walibishania weupe ambao wenyeji walikuwa wamekwisha kuutia katika majina yao.

Leo tatizo limegeuka. Mto wa barafu wa Lewis ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Milia inafutika, na jina linabaki likishuhudia kitu ambacho msikilizaji kijana huenda asikione. Aidha, katika eneo hilihili la Mukogodo, Wayaaku waliiacha lugha yao na kuchukua Kimaa katika karne ya 20, hata wakasalia wazee wachache tu wanaoijua. Lugha inapokoma, hupotea pia namna moja ya kuona, nayo haiwezi kurejeshwa kwa kuutazama mlima tena.

Kwa hiyo haitoshi kuyaorodhesha majina ya mahali pamoja na maana zake, kama ifanyavyo kamusi. Yafaa yakusanywe pamoja na msemaji, mahali aliposimama na saa aliyoutazama mlima, maana bila hayo maana yenyewe haikamiliki. Jumba la Colomé likichakaa laweza kukarabatiwa. Ushahidi wa wazee wa Doldol usipoandikwa wangali hai, hautapatikana kwingine.