Ustrasana Hupimwa Mapajani

Zimesambaa tena picha za mtu aliyepiga magoti, kichwa kikining'inia nyuma, viganja juu ya visigino, na sifa zinamwagwa. Tazama vizuri: nyonga zimerudi nyuma hadi karibu anakalia miguu yake, na kiuno kimekunjika mahali pamoja. Hiyo si Ustrasana, asana (mkao wa yoga) ya ngamia. Huyo ameanguka kinyumenyume akapata pa kujishikia.

Anayeanza hutazama mikono. Mjuzi hutazama mapaja. Mapaja husimama wima, nyonga juu ya magoti, tangu kushuka hadi kuinuka. Ukirudisha nyonga nyuma, visigino hufikika bila kifua kufanya kazi yoyote. Mapaja yakibaki wima, njia ya mkato haipo: kifua hulazimika kupanda, mabega kurudi nyuma, na mkunjo kugawanyika katika uti mzima. Pingili 12 za kifuani zimeshikwa na mbavu, hazikubali upesi. Zile 5 za kiunoni hukubali haraka mno, ndiyo maana mvivu huzibebesha mzigo wote, na kesho yake huamka ameshika kiuno.

Kipimo ni ukuta. Piga magoti ukiuelekea, mapaja na mifupa ya mbele ya nyonga viuguse, kisha rudi nyuma. Paja likibanduka, umevuka mpaka wako. Mwalimu wangu, aliyesomea yoga Pune, India, alikuwa akipitisha kiganja kati ya paja na ukuta. Kikipita, ulirudi juu ukaanza upya, hata kama vidole vyako vilikwisha kugusa visigino. Sijapata kumsikia akisifu mkono wa mtu.

Wadanganyifu nao wana mbinu. Kuna anayetanua magoti kupita upana wa nyonga, na kuna anayekata picha juu ya goti ili paja lisihukumiwe. Mbaya kuliko wote ni mwalimu anayemkandamiza mwanafunzi mpaka afike.

Mwili mgumu una njia ya heshima: kunja vidole vya miguu visigino viinuke, weka matofali kando ya vifundo, au acha mikono ibaki kiunoni. Kichwa huenda nyuma mwisho, na shingo yenye maumivu haiendi kabisa. Pumzi ikikatika, asana imekwisha. Mwenye shinikizo la damu, mjamzito, au aliyeumia mgongo au goti aanze kwa daktari.

Mwalimu wa yoga wa India, B.K.S. Iyengar, katika kitabu chake cha 1966, *Light on Yoga*, alizipanga asana kwa ugumu hadi daraja la 60. Ustrasana aliipa la 3. Ni asana ya mapema, haina ushujaa wa kuonyesha. Thamani yake yote ni usahihi. Picha yake kitabuni humo ilipigwa ubavuni, mwili mzima ukionekana, na hapakuwa na pa kuficha paja. Leo pembe ya kamera inasifiwa kuliko uti.

Kwa hiyo usimsifu mtu akiwa chini. Ngoja ainuke. Aliyefanya kazi kwa miguu huinuka kifua kikitangulia, mabega sawasawa, kichwa mwisho, pumzi ile ile. Aliyejitupa hujipinda upande mmoja na kutanguliza kidevu. Huyo mrudishe ukutani.