Mirija Ndani ya Keki

Keki ya mahafali husifiwa kwa kile kinachoonekana: joho jeusi la fondanti, kofia yenye kishada, jina la kijana kwa rangi ya dhahabu. Naona sifa hiyo inachelewa kufika mahali pake. Ufundi wa keki ya ngazi, hasa huku Kagera, ni kuisimamisha kwanza; mapambo yanafuata. Ngazi ya juu haiilalii ya chini. Hukaa kwenye kibao chembamba, na kibao hukaa juu ya mirija minne au mitano iliyochomekwa ndani ya keki ya chini, kila mmoja umekatwa sawa na kimo cha keki hiyo. Mrija mmoja ukiuzidi mwenzake hata kwa unene wa punje ya mchele, ngazi ya juu huegemea upande, na kabla MC hajamwita kijana mbele, fondanti imeshapasuka kiunoni.

Kisha kuna hewa. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Dodoma haifikishi theluthi yake. Kalenda ya shule nayo haina huruma: mahafali ya kidato cha nne hutangulia mtihani wa Novemba, vuli ikinyesha, na ya kidato cha sita hutangulia mtihani wa Mei, masika ikiwa imekolea. Fondanti ni sukari, na sukari hunyonya unyevu. Keki iliyotoka kwenye friji ikiingizwa ukumbini hutoka jasho, na weusi wa joho ukachuruzikia kwenye weupe wa chini. Ndiyo maana anayeijua kazi hutengeneza joho siku mbili tatu kabla, akaliacha likauke. Oda ikiwa ya Muleba, kila ngazi husafiri ndani ya boksi lake na kupangwa hukohuko ukumbini. Lami ya barabara kuu inasaidia, lakini mlima wa kupanda Kamachumu hauna habari na mirija ya mtu.

Wapo wasemao keki ni ya Wazungu, Mhaya alikuwa na kahawa yake. Kweli alikuwa nayo, na hapo ndipo hoja yao inaponisaidia. Kahawa ya kutafuna, robusta iliyochemshwa na majani ya viungo ikakaushwa, ndiyo iliyompokea mgeni. Na katika udugu wa kuchanjiana, punje mbili za tunda moja zilipakwa damu, kila mmoja akameza ya mwenzake. Chakula kidogo, kutoka mkono hadi kinywa, mbele ya mashahidi. Kijana anayewalisha wazazi wake kipande cha keki anafanya jambo ambalo babu zake wangelielewa bila mkalimani. Hoja ya gharama ni nzito zaidi. Ngazi tatu za mkopo, huku godoro na tranka la kidato cha tano havijanunuliwa, ni ujinga, na ngazi moja iliyonyooka inatosha. (Wengine huvisha fondanti ngazi ya foamu ili kubana matumizi. Sioni aibu, mradi mwenye kisu ameambiwa aanzie wapi.)

Kisu kikishapita na ngazi ya juu ikashushwa, katika keki ya chini hubaki mirija imelowa krimu. Mpambaji huichomoa mmoja mmoja, akaihesabu, kabla kipande cha kwanza hakijafika kwenye sahani ya mtoto.